Breki za Mzee Asava na Jaribio la Nne

Siku yangu ya kwanza gereji nilikaribia kufa kwa kulamba.

Gereji yenyewe ilikuwa katikati ya jiji la Nairobi, upande ule wa mto unaotazamana na Ngara. Ilikuwa miaka ya sitini, na mimi nilikuwa nimetoka kwetu magharibi na viatu vya kuazima na barua moja. Barua hiyo iliandikwa na Mzee Zakayo Asava, mzee wa kanisa letu, ambaye alikuwa tarishi mkuu katika ofisi ya serikali na alijulikana na kila mtu wa kwetu aliyekuja kutafuta kazi mjini. Nilikuwa nimeisoma njiani, Mungu anisamehe. Ilisema hivi: “Kijana Shem ni mwaminifu, ana nguvu, na hajui hata harufu ya pombe.”

Fundi Mkuu, Singasinga mrefu mwenye kilemba cha buluu, aliisoma mara mbili, akaikunja na kuitia kwenye jalada jipya lenye jina langu. Kisha akapanga mezani chupa tatu za soda zilizozibwa kwa magunzi ya mahindi.

“Moja iko ya breki,” akasema. “Gani?”

Sikujua hata breki huwekwa chupani. Lakini kwetu kitu usichokijua unakinusa, na pua ikishindwa unatia ulimi. Nikachovya kidole katika chupa ya kwanza, nikaonja. Ilikuwa chungu. Ya pili ilikuwa na utamutamu, nikarudia.

“Toa ulimi! Toa!” Fundi Mkuu alinikamata shingoni akanipeleka mbiombio hadi kwenye mfereji. “Hiyo sumu! Veve nakula breki?”

Alinisukutisha mdomo hadi meno yakauma kwa baridi. Mutiso, karani wa stoo, Mkamba mnene asiyeficha furaha yake, alicheka mpaka akaketi juu ya tairi. Kwa miaka miwili jina langu pale likawa Mla Breki.

Sasa nyinyi vijana mnaonisoma, acheni niwaeleze kwa nini kosa langu lilikuwa kubwa. Ukikanyaga pedali ya breki, unasukuma maji ya breki kutoka silinda kuu, yapite katika mabomba membamba hadi kwenye silinda ndogo za magurudumu, na hizo ndizo zinazobana gurudumu. Tuliyaita maji ingawa si maji. Ndani ya silinda hizo kuna vikombe vidogo vya raba, na raba hizo ndizo chanzo cha fitina yote. Magari ya zamani yalitengenezwa kwa raba ya mti, na raba ya mti haipatani na mafuta ya injini hata kidogo. Ukiikosea, huvimba kama andazi, breki zinakwama au zinavuja, na wewe unaanza kuwakumbuka jamaa zako mmoja mmoja.

Nasi hatukuwa na makopo madogo mazuri yenye maandishi kama yenu. Maji ya breki yalikuja katika mabati makubwa, yakagawanywa katika chupa za soda, na kila karatasi iliyobandikwa ililowa na kubanduka kabla ya wiki kwisha. Kwa hiyo fundi wa breki alikuwa mtu wa kuheshimiwa, kwa sababu alijua kutambua. Mimi nilitaka kuwa mtu huyo. Walikuwa wawili tu gereji nzima na walivaa ovaroli za kijivu, ilhali sisi wengine tulivaa chochote kilichokuwa kimeshindwa kuvaliwa nyumbani.

Fundi Mkuu alinifundisha majaribio yake baada ya mwaka mmoja wa kufagia na kufungua matairi.

“Rangi usiamini,” alianza. Akanionyesha gari la Kifaransa la daktari mmoja, lile aina ambalo ukiliwasha linanyanyuka nyuma kwanza kama ngamia. Gari la namna hiyo la miaka ya mwanzo lilitumia maji mekundu, na ndugu yake aliyetoka kiwandani baadaye alitumia ya kijani, na ukiwabadilishia wanakufa wote wawili. Lakini maji ya magari mengine nayo huweza kuwa mekundu, au ya manjano, au yasiwe na rangi yoyote, kwa hiyo macho peke yake ni shahidi wa uongo.

Jaribio la kwanza lilikuwa la maji. Tia tone katika gilasi ya maji safi. Likielea juu na kufanya jicho, hayo ni mafuta ya injini au ndugu yake, yaweke mbali. Likipotea majini, ni maji ya breki ya kisasa. Likifanya ukungu mweupe, ni yale ya kizamani, yaliyotengenezwa kwa mafuta ya mbegu. La pili lilikuwa la rangi: dondosha tone juu ya kipande cha bati kilichopakwa rangi, ukilala ukiamka rangi imebanduka, basi ni ya kisasa. La tatu lilikuwa la raba. Kata kipande cha raba ya zamani, kiloweke usiku kucha, asubuhi ukipime. Kikivimba, yamwage.

“Ya nne,” akasema Fundi Mkuu, akainua kijiko cha chai.

Hapo kengele ya chai ya saa nne ikalia. Lazima muelewe kwamba mama wa mandazi alikuja na beseni moja tu, na mafundi walikuwa kumi na wanane. Nilikimbia. Nilipogeuka nyuma nikiwa na andazi mdomoni, Fundi Mkuu alikuwa bado amesimama na kijiko chake hewani. Nilipomwomba baadaye arudie, alinitazama kuanzia viatuni.

“Mimi nasema mara moja,” alisema. “Mimi hapana redio.”

Nikajiambia matatu yanatosha. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nami nilikaribia kuwavunjia watu miguu kumi kwa pamoja.

Mzee Asava alikuwa na gari. Lilikuwa la Kiingereza, jeusi, lenye mabega, na lilikuwa zee hata wakati huo. Alilinunua kwa Mzungu aliyekuwa akirudi kwao, na alilipenda kupita kiasi. Leo mngeliita klasiki na kulipiga picha. Kumbukeni jambo moja kulihusu: silinda yake kuu ya breki ilikuwa chini ya mbao za sakafu, hapo hapo miguuni pa dereva.

Jumamosi moja asubuhi alilileta. Pedali ilikuwa ikizama.

“Shem mwanangu,” alisema, “kesho Mwangalizi Mkuu wa kanisa anafika kwa gari la moshi kutoka nyumbani. Nimepewa heshima ya kumpeleka Uthiru kufungua kanisa letu jipya. Nisaidie, nisije nikaaibika.”

Fundi Mkuu alikuwa Kisumu kwenye arusi ya mpwa wake hadi Jumatano. Alikuwa ameacha amri moja: gari la zamani lisubiri arudi. Mafundi wote wawili wa ovaroli za kijivu walikuwa wametumwa Nakuru. Nami nilikuwa nimeanza kusaidia kazi ya breki, na kulikuwa na uvumi kwamba ovaroli ya tatu inashonwa. Je, ningemwambia aliyeniandikia barua arudi kwa miguu, asubiri hadi Jumatano?

Nilibadilisha vikombe vya raba, kazi safi kabisa. Kisha nikaenda stoo kuchukua maji ya breki, Mutiso akanionyesha bati tupu. Meli ilikuwa imekwama bandarini Mombasa, na matone yaliyobaki hayakujaza hata kifuniko.

Nikaligeuza bati nikasoma maandishi ya Kiingereza, maana nilijivunia kusoma. Iliandikwa kwamba mle ndani mlikuwa na mafuta ya mbarika na spiriti.

“Mbarika?” Mutiso akashtuka. “Hii mbarika yetu? Mamangu anakamua hiyo Machakos! Niko na chupa mzima hapa, napaka viatu.”

Tukatazamana. Siku hizo neno la harambee lilikuwa kila mahali, nasi tulilichukua kwa moyo wote. Ukambani ulitoa mafuta. Sasa magharibi ilitakiwa itoe spiriti, na maduka yalikuwa yamefungwa saa saba mchana, kama ilivyokuwa kawaida ya Jumamosi.

Kando ya mto kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa akipika chakula, na si chakula peke yake. Nilimwendea nikiwa nimeinamisha kofia.

“Wewe si ni yule wa kwaya?” akauliza kwa sauti iliyosikika Ngara nzima.

“Mama, sitaki ya kunywa. Ni ya gari.”

“Wote husema hivyo. Jana mwingine alisema ni ya kukanda goti.” Akamimina kidogo kwenye kifuniko, akawasha kiberiti. Moto wa buluu ukaruka. “Hii ni ya kwanza kutoka. Gari yako italala vizuri.”

Basi nikarudi na chupa ya chang'aa chini ya shati, mimi ambaye sikujua hata harufu yake. Tulichanganya, tukatikisa. Na msiseme sikujaribu! Nilitia tone majini, likafanya ukungu mweupe sawasawa na tone la mwisho la bati. Nilitia tone kwenye rangi, rangi ikabaki. Nilijaza silinda, nikatoa hewa kwenye mabomba, pedali ikasimama imara chini ya mguu. Kipande cha raba nililala nacho chini ya kitanda ndani ya gilasi, na asubuhi kilikuwa vilevile, hakikuvimba hata unywele. Nilikwenda stesheni nikijiona mhandisi.

Mwangalizi Mkuu alikuwa mzee mfupi mwenye sauti nene. Kabla ya kuondoka stesheni aliweka mkono juu ya boneti akaliombea gari. Tulipanda: yeye mbele na Mzee Asava, mimi nyuma katikati ya mama wawili wa kwaya wenye kofia za sherehe. Tukapita Westlands, tukapanda hadi Uthiru, na kila Mzee Asava alipokanyaga breki gari lilitii.

“Huyu kijana,” alimwambia Mwangalizi, “nilimleta mimi.”

Kanisa likafunguliwa, kuku wakaliwa, alasiri tukaanza kurudi. Sasa, Mzee Asava alikuwa na tabia ya madereva wengi wa rika lake: aliposhuka mteremko hakuondoa mguu kwenye breki. Aliuweka pale kama mtu aliyeweka mkono juu ya Biblia. Tulishuka Kangemi mguu ukiwa juu ya breki, tukapita Westlands mguu ukiwa pale pale, tukaanza mteremko mrefu wa kuingia mjini. Mama wa kwaya walikuwa wameanzisha wimbo wa taratibu.

Nikasikia harufu. Mwanzoni nilidhani inatoka nje.

“Shem,” akasema Mzee Asava bila kugeuka, kwa sauti ya upole sana. “Mguu wangu umefika chini.”

Akapiga pedali mara ya pili, ya tatu. Hakukuwa na kitu. Gari liliongeza mwendo, na mama wa kwaya nao wakaongeza mwendo wa wimbo bila kujua. “Gia! Rudisha gia!” nilipiga kelele. “Breki ya mkono, Mzee!” Akarudisha gia, gari likanguruma, akavuta breki ya mkono kwa mikono miwili, na Mwangalizi Mkuu akashika usukani kwa hisani yake. Tuliingia kwenye mzunguko ulio chini ya mteremko, ila hatukuuzunguka. Tulipanda katikati yake, tukapita juu ya maua ya manispaa, tukasimama taratibu mbele ya kibao kilichokataza kukanyaga majani.

Hakuna aliyeumia.

“Ndivyo mnavyosimama huku Nairobi?” akauliza Mwangalizi Mkuu.

Sajini wa trafiki alikuwa pale pale, maana mzunguko huo ndio uliokuwa ofisi yake. Alikuja polepole, akaingiza kichwa dirishani, akavuta pumzi, akavuta tena. Moshi mwembamba ulikuwa ukipanda kutoka kwenye mbao za sakafu, miguuni pa Mzee Asava, na gari zima lilinuka kilabu.

“Mzee,” akasema, “umekunywa.”

“Mimi?” Mzee Asava alisimama nje, koti lake la Jumapili limejaa petali. “Mimi sijaonja tangu nibatizwe!”

“Toa pumzi.”

Akatoa. Sajini akakunja uso. “Unanuka kuku. Lakini hapa kuna chang'aa, na mimi si mtoto. Twende kituoni.”

Nikamtazama Mwangalizi Mkuu. Alikuwa amesogea hatua moja mbali na Mzee Asava. Katika kanisa letu, mzee akipatikana na pombe huvuliwa cheo na kuketishwa benchi la nyuma, lile lililo karibu na mlango, ambapo kila anayeingia anamwona. Watu wamehama mji kwa sababu ya benchi lile. Mzee Asava alijua hivyo.

Ningenyamaza, ovaroli ingekuwa yangu. Nilisikia aibu ambayo hadi leo nikiikumbuka masikio yanapata moto.

“Afande,” nikasema, “aliyekunywa ni gari. Mimi ndiye niliyelinywesha.”

“Wewe nawe umelewa?”

Ikabidi nithibitishe. Niling'oa ubao wa sakafu, nikafungua kifuniko cha silinda kuu, mvuke ukatoka kwa kishindo kidogo. Nikachovya kitambaa nikatia tone katika maji ya kikombe cha Sajini mwenyewe: ukungu mweupe, mbarika hiyo. Kisha nikamwomba kiberiti. Kitambaa kikawaka moto wa buluu. Nikaeleza yote, bati, Machakos, mama wa kando ya mto, mbele ya mama wa kwaya wawili, jambo ambalo ni sawa na kulitangaza redioni.

Sajini akavua kofia akajikuna.

“Dereva mlevi sheria inamjua,” akasema mwishowe. “Gari mlevi sijasoma mahali.” Lakini aliandika jina langu na la gereji, akaahidi kwamba bosi wangu atasikia.

“Na mimi niliiombea asubuhi,” akasema Mwangalizi Mkuu, akiutazama mkono wake. Tukarudi mjini kwa miguu. Sikuthubutu kumtazama Mzee Asava, naye hakuniita mwanangu.

Jumatano Fundi Mkuu alirudi, akakuta habari zimemtangulia. Meneja alitaka nifukuzwe kabla ya saa sita. Fundi Mkuu alinisimamisha mezani pake, pale pale pa chupa tatu.

“Maji nafanya nini?”

“Yalifanya ukungu.”

“Rangi?”

“Ilibaki.”

“Raba?”

“Haikuvimba.”

“Ya nne?”

Akachukua kijiko cha chai, akatia yale mafuta yangu, akakishika juu ya jiko la stovu. Chang'aa ilianza kutokota hata kabla sijahesabu kumi. Akatia maji halisi ya breki kwenye kijiko kingine, nayo yakatulia tu, yanatazama. Breki ikibanwa muda mrefu hupata moto, maji mabaya huchemka ndani ya bomba na kuwa mvuke, na mvuke hausukumi kitu. Hilo ndilo lililokuwa jaribio la nne, na lilichukua muda mfupi kuliko kula andazi.

Sikujua alimwambia nini Meneja. Sikufukuzwa. Lakini kwa miezi sita kengele ya chai ilipolia, mimi nilibaki mezani nikichemsha vijiko, wenzangu wakinipungia mandazi kutoka mbali. Mutiso ndiye aliyekula yangu, akisema anasaidia adhabu itimie.

Kanisa nalo lilikaa kikao. Mzee Asava alibaki na cheo chake, mimi nikapewa benchi la nyuma kwa miezi mitatu. Jumapili ya kwanza niliketi pale nikitazama viatu vyangu, watoto wakigeuka kunichungulia. Nyimbo zilipokwisha nikasikia benchi linalia. Mzee Asava alikuwa ameketi kando yangu, na Biblia yake na koti lake la Jumapili.

“Mzee, mahali pako ni mbele,” nikanong'ona.

“Gari ni langu,” akajibu. “Lilikunywa, na haliwezi kuketi. Sogea, mwanangu.”

Akaketi miezi mitatu yote.

Mwaka uliofuata nilipelekwa tawi letu la Westlands, na bahasha niliyokatazwa kufungua. Safari hii sikufungua. Nilipewa ovaroli ya kijivu siku hiyo hiyo, nikadhani wamekosa mtu. Fundi Mkuu naye, katika miaka ya sabini, alihama nchi na familia yake. Siku ya kuaga alinipa mkono tu, akaukagua kama una grisi, akaenda. Hakuwahi kunisifu hata siku moja, na kusema kweli jambo hilo liliniuma kwa miaka mingi.

Nilistaafu nikiwa msimamizi wa breki. Sasa niko Uthiru, si mbali na kanisa lile, na vijana huniletea magari ya babu zao. Wanakuja na kopo lenye maji ya zambarau ya kisasa, wanauliza, mzee, tutie hii? Mimi huwauliza kwanza raba ni za miaka gani, na maji yaliyomo ni yapi. Halafu ninaomba kijiko cha chai. Wengine hudhani nataka chai.

Siku ya kustaafu karani alinikabidhi jalada langu. Karatasi ya kwanza ilikuwa barua ya Mzee Asava, imegeuka rangi ya majani makavu, na maneno yale yale: mwaminifu, ana nguvu, hajui hata harufu ya pombe. Chini yake, kwa penseli, kwa mwandiko wa mtu aliyesema kila kitu mara moja, Fundi Mkuu alikuwa amewaandikia watu wa Westlands:

“Sasa yeye najua harufu. Lakini hapana sema uongo. Pa yeye breki zote.”